Umri Si Kosa

Fidla ni chombo cha nyuzi. Tunaisikia katika taarabu. Watu wengi husema, "Mimi ni mtu mzima. Siwezi kujifunza fidla." Wakijaribu, shingo na mabega huuma. Basi huacha, na hulaumu umri wao.

Mimi sikubali. Mara nyingi kosa ni chombo.

Hapa Buzwagi wakulima tunajua jambo hili. Jembe lenye mpini mfupi humuumiza mgongo mtu mrefu. Fidla pia ina vipimo. Kuna kubwa na ndogo. Usiuze mbuzi wako kununua fidla usiyoijaribu. Iweke begani kwanza. Nyosha mkono wa kushoto mpaka kwenye kichwa cha fidla. Ukikishika kichwa hicho, na kiwiko kikabaki kimepinda kidogo, inakufaa. Usiikaze kwa kidevu. Legeza mabega. Piga kwa muda mfupi, kisha pumzika.

Kama fidla ni ghali, liko zeze. Nalo hupigwa kwa upinde. Hutengenezwa kwa mti, kibuyu na nyuzi. Fundi aweza kulitengeneza kwa kipimo chako. Tusilidharau zeze. Marehemu Hukwe Zawose wa Dodoma, aliyefariki mwaka 2003, alilipiga hata Ulaya, akasifiwa.

Ndugu msomaji, ulipoanza kuandika, kalamu ilikuumiza vidole. Hukuacha. Ulijifunza kuishika vizuri. Leo unasoma ukurasa huu. Basi mwili ukiuma, usiulize, "Nina miaka mingapi?" Uliza, "Je, chombo hiki kinanifaa?"