Nyumba ya magurudumu ni Artikle 15 ingine

Vijana wenzetu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na kwingineko,

Siku hizi tunatumiana mu simu video za Wamarekani wanaonunua kamio za sanduku, zile za kuhamisha vyombo vya nyumba, na kuzigeuza kuwa makao. Ndani wanaweka kitanda, meza ya kukunja na jiko la gazi, juu ya paa panelo za jua. Chini ya kila video vijana wetu wanaandika: na sisi tufanye hivi, tuachane na wenye nyumba. Tunawaelewa. Tuko na diplome, kazi hatuna, na wengi wetu kwenye miaka 25 tungali tunalala mu salon ya wazazi. Lakini tunaomba tuzungumze kwanza, juu hii hadithi ya kamio inaficha jambo kubwa.

Wazo lenyewe si la kijinga. Sanduku la kamio ya namna hiyo liko na urefu wa meta 5 mpaka 8 na upana unaokaribia meta 2 na nusu. Kuna familia za Katuba na za Kenya zinazoishi watu sita mu chumba kidogo kuliko hapo. Wasudere na maseremala wetu wanaweza hiyo kazi: si wao njo wanageuza kontenere kuwa maduka na farmasi kila avenyu? Wakuambie tu ukweli wote. Bila kitu cha kuzuia joto kati ya bati na mbao, mwezi wa 10 utaungua, na mwezi wa 6 na wa 7 utatetemeka usiku kucha. Bila matundu ya hewa, asubuhi maji yatadondoka toka mu bati. Na mbabula usiiwashe kamwe ndani ya sanduku la chuma lililofungwa: ile gazi ya makala haina harufu, inaua watu wakiwa usingizini.

Basi kamio imekwisha, ni nzuri. Utaiweka wapi?

Hapo njo video zinanyamaza. Mu barabara utafukuzwa. Mu lupango ya mutu utalipa, na mwenye lupango ataomba garanti kama vile anaomba kwa nyumba. Choo utaazima kwa nani? Maji utachota wapi? Gurudumu linakupa kuta, halikupi mahali.

Hata kule Marekani hilo swali halijapata jibu. Watu wengi hawakuingia mu magari juu ya kupenda safari. Kitabu "Nomadland" cha Jessica Bruder, kilichotoka 2017 na kufanywa filme baadaye, kinaeleza wazee waliopoteza kila kitu kisha mgogoro wa 2008, wakaishi mu magari huku wakitafuta vibarua toka jimbo moja mpaka lingine. Na mu mwezi wa 6 wa 2024, korti kuu ya inchi yao iliamua kwamba miji inaweza kuazibu mutu anayelala inje, hata kama hana pahali pengine pa kulala. Hizo video hazionyeshi hiyo.

Na kwetu, kuishi ndani ya kamio si habari mupya. Madereva wanaongoja kuvuka mupaka pale Kasumbalesa wanalala mu kabini siku nyingi, wanapika pembeni ya gurudumu, wanaoga na maji ya bidoni. Waulizeni kama huo ni uhuru.

Wandugu, tuite kitu kwa jina lake. Hii ni Artikle 15. Maji hayatoki, kila mutu achimbe kisima chake. Umeme unakatika, kila mutu anunue panelo yake. Shule haina bafundi, wazazi walipe. Sasa nyumba hakuna, kila kijana atafute kamio yake. Kila mara tunapojipangia wenyewe tunapongezana kwa akili, na wale tuliowapa kazi ya kupanga wanalala vizuri. Akili yetu imekuwa mto wao wa kulalia.

Lakini sheria iko. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa 12, 2015, inasema garanti ya nyumba ya kuishi haiwezi kupita miezi mitatu. Mu avenyu zetu wanaomba sita, hata zaidi, na komisionere anataka mwezi wake juu yake. Tuhesabu: chumba cha dola 50, garanti ya miezi sita ni dola 300, na komisionere 50. Kijana anatoa dola 350 mbele ya kulala usiku mmoja. Kwa sheria, garanti ingekuwa 150. Hiyo tofauti ya dola 150 njo inafanya mutu aanze kuota kamio.

Ardhi pia iko. Sheria ya 1973 inasema udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali. Na makuta iko. Mwaka 2024 inchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba. Kodi ya madini ya 2018 inapanga vizuri: mu redevansi ya migodi, asilimia 25 ni ya jimbo, na asilimia 15 ni ya miji, komini, sekta na sheferi. Hata wakoloni, waliotupangia miji kwa kubagua, walijua mutumishi anahitaji nyumba: ofisi yao iliyoanzishwa 1952 njo ilijenga nyumba za Ruashi. Hatuwasifu. Tunauliza tu: sisi wenyewe, kisha uhuru, tumejengea vijana nini?

Kamio za shaba zinapita mbele yetu mchana na usiku, na sisi tunaota kulala ndani ya kamio. Hapana.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila komini ibandike hiyo sheria ya garanti mbele ya ofisi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na iazibu wanaoivunja.

2. Jimbo na kila komini watangaze makuta ya redevansi waliyopokea, na sehemu gani imeenda kwa makao.

3. Serikali ipime lupango zenye maji, choo na njia, zipangishwe kwa vijana kwa bei inayojulikana. Hapo, anayetaka kuweka nyumba ya mbao, kontenere ao kamio, aiweke kwa amani.

Na wewe unayesoma: ukiombwa garanti ya miezi sita, usikubali kimya kimya. Taja sheria. Omba karatasi yenye tarehe na sinyatire. Waambie jirani na wenzako wa kartie wafanye vilevile. Mulokatere mmoja anafukuzwa, avenyu nzima haifukuzwi.

Anayependa kutengeneza kamio yake, aitengeneze, tutakuja kumusaidia kupiga misumari. Lakini kisha misumari, twende wote kwa komini.