Mtakatifu Thomas More na padri aliyempinga: tusisimulie nusu ya habari



Kila mwaka, tarehe 22 Juni, Kanisa linawakumbuka watakatifu John Fisher na Thomas More, waliouawa mwaka 1535 kwa amri ya Henry VIII, mfalme wa Uingereza. Sisi makatekista tunapenda kusimulia habari za Thomas More. Alikuwa mlei kama sisi, mume na baba wa watoto, mwanasheria na mwandishi wa vitabu, na tangu mwaka 1529 alikuwa chansela wa ufalme, mwenye madaraka makuu ya sheria chini ya mfalme. Alipotakiwa kuapa kinyume cha dhamiri yake, alikataa. Akafungwa katika Mnara wa London, akakatwa kichwa tarehe 6 Julai. Habari hiyo ni ya kweli, nayo ni nzuri. Lakini kwa miaka mingi tumeifundisha nusu tu, na nusu ya habari huweza kulea majivuno mahali pa imani.

Nusu ya pili ni habari ya William Tyndale. Naye alikuwa padri, msomi wa Oxford, mjuzi wa Kigiriki. Katika Uingereza ya siku zile, sheria ya Kanisa iliyowekwa mwanzoni mwa karne ya 15 ilikataza kutafsiri Maandiko Matakatifu kwa Kiingereza pasipo ruhusa ya askofu. Kwingine haikuwa hivyo: Wajerumani walikuwa na Biblia iliyochapwa katika lugha yao tangu mwaka 1466, na Waitalia tangu mwaka 1471. Tyndale alimwendea askofu wa London kuomba msaada, asiupate. Akavuka bahari, na mwaka 1526 Agano Jipya alilolitafsiri kutoka Kigiriki likachapwa katika mji wa Worms, likaingizwa Uingereza kwa siri. Askofu aliamuru lichomwe moto. Leo hii nakala za chapa ile zinazojulikana ni tatu tu.

Hapo ndipo Thomas More aliposhika kalamu, kwa ombi la askofu yuleyule. Mwaka 1529 alitoa kitabu cha kumpinga Tyndale. Tyndale akamjibu mwaka 1531. More akarudi tena mwaka 1532 na 1533 kwa jibu refu kupita kiasi. Tukisoma vitabu hivyo leo, matusi yake yanatuumiza. Wasomi wawili waliobatizwa kwa ubatizo mmoja waliandikiana kama watu wasiojua kwamba siku moja watasimama mbele ya Hakimu mmoja.

Na waligombania nini? Sehemu kubwa ilikuwa maneno. Pale Wagiriki walipoandika ekklesia, Tyndale aliweka neno lenye maana ya kusanyiko, si kanisa. Pale walipoandika presbyteros, aliweka mzee, si padri. Pale palipozoeleka kusomwa kama agizo la kufanya kitubio, aliweka tubuni. More aliona kwamba kubadili maneno hayo ni kung'oa nguzo za nyumba: akiondolewa padri katika Maandiko, sakramenti zitasimama juu ya nini? Tyndale alijibu kwamba hakung'oa kitu, bali alirudisha maneno ya Mitume kama yalivyoandikwa.

Sisi tunaofundisha dini kwa Kiswahili hatuna haki ya kuwacheka. Sisi tuna mapadri, jirani zetu Waprotestanti wana wazee wa kanisa. Sisi tunasema Yezu, wao wanasema Yesu, na kwa herufi moja mtoto hutambulikana amefundishwa wapi. Neno lina uzito. Kwa hiyo hatusemi kwamba hofu ya More ilikuwa ya kipumbavu. Alilinda kitu ambacho sisi pia tunakiamini.

Kosa halikuwa katika hoja. Kosa lilikuwa katika moto. Wakati More alipokuwa chansela, kati ya mwaka 1529 na 1532, watu sita walichomwa wakiwa hai kwa sababu ya uzushi, na More hakuficha kwamba aliona adhabu hiyo kuwa ya haki. Jambo hilo hatukulisikia tulipokuwa wanafunzi wa ualimu. Tulilisoma tukiwa watu wazima, na siku ya kwanza tulitamani kufunga kitabu.

Wengine watasema: zile zilikuwa nyakati nyingine, tusiwahukumu watu wa kale kwa mizani ya leo. Neno hilo lina ukweli ndani yake. More aliiona Ujerumani ikiwaka kwa vita ya wakulima ya mwaka 1524 na 1525, ambamo watu wengi sana walikufa, akaamini kwamba mafundisho mapya yangeleta maafa hayohayo kwao. Mwenye kuishi katika nchi iliyojua vita anaielewa hofu hiyo. Lakini hoja ya nyakati haitoshi. Mwaka 1516, kabla Luther hajaanza, More mwenyewe alitoa kitabu chake kiitwacho Utopia. Kilichapwa kwanza Louvain, mji ambao jina lake lilikuja kuitwa hata hapa kwetu katika chuo kikuu cha Lovanium. Katika nchi ile ya kubuniwa, sheria inamruhusu kila mtu kufuata dini yake, na anayetaka kumvuta mwenzake atumie maneno ya upole, si nguvu wala matusi. Basi wazo hilo halikuwa geni kwa karne ile. Lilipita katika kichwa chake mwenyewe, likaandikwa na kalamu yake. Hofu ilipokuja, alilisahau.

Kisha ukaja mwaka 1535. Tuuangalie vizuri, kwa maana ndani yake maadui hawa wawili wanakaribiana bila kujua. Wote wawili walikuwa hawakukubali mfalme amwache mkewe Katarina: More kwa kunyamaza na kujiuzulu, Tyndale kwa kitabu alichokitoa mwaka 1530. Mwezi wa tano, Tyndale alikamatwa Antwerp, amesalitiwa na Mwingereza aliyejifanya rafiki, akafungwa katika ngome ya Vilvoorde karibu na Brussels. Kwa majuma sita hivi wote wawili walikuwa kifungoni, mmoja London, mwingine katika nchi tunayoiita leo Ubelgiji.

More alikuwa amenyang'anywa vitabu na vifaa vya kuandikia. Barua yake ya mwisho, kwa binti yake Margaret, aliiandika kwa kipande cha makaa siku moja kabla ya kufa. Tyndale naye aliacha barua moja ya gerezani, ya Kilatini. Anaomba kofia ya kumkinga na baridi, koti lenye joto, na taa ya jioni kwa kuwa kukaa peke yake gizani kunachosha. Na zaidi ya yote anaomba Biblia ya Kiebrania, pamoja na sarufi na kamusi, apate kuendelea na kazi. Mwezi wa kumi mwaka 1536 alinyongwa, kisha mwili wake ukachomwa. More aliuawa na mfalme aliyejitenga na Papa. Tyndale alihukumiwa chini ya watawala Wakatoliki. Mikono ya kila upande ilikuwa na damu.

Mambo yaliyofuata yanatufundisha. Mwaka 1538 mfalme yuleyule aliagiza kila parokia ya Uingereza iwe na Biblia ya Kiingereza, na sehemu kubwa ya maneno yaliyosomwa humo ilikuwa ya Tyndale. Wakatoliki Waingereza waliokimbilia ng'ambo nao walitoa tafsiri yao: Agano Jipya huko Rheims mwaka 1582, Agano la Kale huko Douai mwaka 1609 na 1610. Waliotengeneza Biblia mashuhuri ya mwaka 1611 walimfuata Tyndale mahali pengi sana, lakini walichota pia kutoka Rheims. Watu walikuwa wameuana. Maneno yao yakakaa pamoja katika ukurasa mmoja.

Kanisa letu nalo halikubaki palepale. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka kwamba mtu asishurutishwe katika mambo ya dini. Mwaka 2000, mwezi wa tatu, Papa Yohane Paulo II aliomba msamaha hadharani kwa makosa ya wana wa Kanisa, pamoja na kutumia nguvu kwa kudai kutetea ukweli. Mwezi wa kumi wa mwaka uleule akamtangaza Thomas More kuwa msimamizi wa wanasiasa. Papa mmoja, mwaka mmoja. Kumheshimu mtakatifu na kukiri kosa si mambo yanayopigana.

Kwa nini tunayasema haya hapa? Kwa sababu tumesimama kando ya makaburi na kuona watu wa ukoo mmoja wakibishana ni nani aanze sala, marehemu akingojea. Kwa sababu tumesikia, hata katika mashirika yetu, Biblia ya jirani ikidharauliwa na mtu ambaye yake hajaifungua. Na kwa sababu mtoto mmoja katika mafundisho alituuliza kama mtakatifu anaweza kukosa, nasi tukachelewa kujibu.

Leo tunajibu: ndiyo, anaweza. Utakatifu ni neema iliyofanya kazi ndani ya mtu mwenye mipaka, nayo ilimshika More imara siku aliyoulizwa achague kati ya mfalme na dhamiri. Lakini dhamiri aliyoidai kwa ajili yake, wale sita nao walikuwa nayo.

Basi, ndugu makatekista, tarehe 22 Juni ijayo tusimulie habari nzima. Tutaje makaa ya More, tutaje na taa ya Tyndale. Tukifika kwenye maneno yanayotutenga na jirani zetu, tuyajadili kwa vitabu mkononi na kwa subira, bila kuficha tunachokiamini. Kisha tuwaombee wote wawili walioandikiana kwa ukali, ambao sasa, tunatumaini, wanaujua ukweli kwa mapendo kuliko walivyoujua kwa kalamu.