Kufupisha Kodi Si Kuirekebisha

Wasee, hebu tuambiane ukweli. Kila mara mtu anayeanza kukodi akiweka skripti yake ya kusoma laini za maandishi, majamaa wanakuja mbio. Si kumsaidia, ni kumwonyesha. Mmoja anasema mistari 40 ni aibu, yeye angemaliza na mitatu. Mwingine anatupa rejeksi inakaa ni kama paka amepita kwa kibodi. Hakuna hata mmoja anauliza: kwani hii kitu inahesabu sawa?

Skripti yangu ya kwanza ya maana niliandika mwaka ule niliacha chuo. Shangazi yangu ni mweka hazina wa chama, na alikuwa ananakili meseji za M-Pesa kwa daftari usiku hadi macho yanamuuma. Nikamwambia, anti, niachie hiyo. Nikaweka meseji zote kwa faili moja, kila moja laini yake. Python ikate maneno, ichukue ile pesa imeandikwa Ksh, iongezee aliyetuma.

Ikawa inakwama. Nikafanya ile kitu wengi wetu hufanya: nikazungushia try, chini nikaweka except: pass. Yaani laini ikikataa, ipite tu, isiseme kitu. Makosa yakaisha. Nikajiona fundi.

Siku ya mkutano, waliotuma 500 wote wako kwa orodha. Waliotuma 1,000 kwenda juu, sufuri. Mama mmoja alikuwa ametuma 3,000, na akasomwa kama mdaiwa mbele ya watu. Shangazi aliniangalia tu.

Shida ilikuwa koma. Meseji inaandika Ksh1,000.00, na float ikipewa namba na koma yake inakataa. Python ilikuwa inapiga kelele kila mara, mimi ndiye nilikuwa nimeifunga mdomo.

Sasa ile rejeksi yako ya mstari mmoja ingenisaidia aje? Ukiandika Ksh(\d+) bila kufikiria koma, 1,000 inasomwa 1. Hiyo ni mbaya zaidi, juu haikatai. Inadanganya bila haya.

Ukitaka kumsaidia huyo anayeanza, mwambie atoe koma na replace kabla ya kugeuza namba. Atumie split() tupu, ndio nafasi mbili zisimletee maneno hewa. Jina asilihesabu kwa nafasi, kuna mtu ana majina mawili na kuna wa matatu. Achukue kilicho kati ya from na namba ya simu. Na hapo kwa except ataje ValueError pekee, achapishe namba ya laini na laini yenyewe. Mwisho kabisa: ngapi zimesomwa, ngapi zimekataa. Hiyo hesabu ya mwisho ndiyo ningeanza nayo, hata kama mengine yote yangengoja.

Yangu saa hii ina mistari 61 na haipendezi hata kidogo. Shangazi huanza na zile zilizokataa, anazilinganisha na daftari, ndio anaenda mkutano. Unataka kunionyesha vile ingekuwa mitatu? Kuja. Lakini kuja na faili iko na koma.