Mwenye Shanta Mjini La Paz

Juma hili twende Amerika ya Kusini, katika nchi ya Bolivia, tukamtazame kijana msafiri kwa siku moja. Hana gari wala fedha za hoteli kubwa. Vitu vyake vyote vimo katika shanta mgongoni.

La Paz ni mji ulioanzishwa na Waspania mwaka 1548, ndani ya bonde lililo juu sana, kama meta 3,600 kutoka usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi. Mgeni akipanda ngazi mbio kama alivyozoea kwao, kichwa humgonga, pumzi humwishia, na chakula hakimpendezi. Wenyeji huuita ugonjwa huo soroche, nao humpa chai ya majani ya koka. Lakini iliyo bora ni kupumzika siku ya kwanza na kutembea taratibu. Na ugonjwa ukizidi, ashuke mahali pa chini bila kuchelewa. Polepole ndiyo mwendo.

Asubuhi huanzia uwanja wa San Francisco. Kanisa la kwanza mahali hapo liliangushwa na uzito wa theluji. Hili la sasa ni la karne ya 18, na mawe ya uso wake yamechongwa matunda na ndege kwa mikono ya wenyeji. Njiani huwakuta vijana waliovaa mavazi ya punda milia, wakiwasaidia watu kuvuka barabara. Kazi hiyo ilianza mwaka 2001.

Mchana hupanda kwenda El Alto, mji jirani ulio ukingoni mwa bonde, zaidi ya meta 4,000. Hupanda kwa vyumba vidogo vinavyoning'inia kwenye waya, vilivyoanza kazi mwaka 2014. Chini yake huona makaburi na mapaa ya nyumba. Mbali huona mlima Illimani wenye theluji. Wengi waliokaa naye si watalii, bali ni wafanya kazi. Maana huko matajiri hukaa chini bondeni penye joto kidogo, na wengi wa maskini hukaa juu penye baridi, nao hushuka kila siku kutafuta riziki.

El Alto lina soko kubwa kila Alhamisi na Jumapili. Humo akina mama wa Kiaimara hubeba bidhaa, au mtoto, mgongoni kwa kitambaa cha rangi nyingi kiitwacho aguayo, kama mbeleko zetu. Mgeni naye amebeba mgongoni, lakini mzigo wake ni wa matembezi. Wa mama yule ni chakula cha nyumba nzima. Basi asimpige picha kabla ya kumwomba, wala asishindane naye kwa senti chache. Akimsalimu kwanza, ndipo anunue, atakuwa ameuona mji.

Juma lijalo tutasafiri kwingine.