Rimu Nne za Marehemu Fundi

Mwezi uliopita tulipokea barua ya mama mmoja wa Moshi, mjane wa fundi wa magari. Marehemu mumewe alifanya kazi katika karakana moja ya Nairobi hadi mwaka 1976, akarejea nyumbani na rimu nne za aluminiamu alizopewa badala ya mshahara. Tangu hapo zimekaa stoo, isipokuwa moja ambayo wajukuu wameifanya kigoda. Sasa mnunuzi wa vyuma chakavu amebisha hodi na mizani yake, anazitaka kwa kilo. Kijana wa jirani naye anasema huenda zikatosha kumlipia mjukuu ada ya chuo. Mama anauliza amsikilize nani.

Tulimjibu kwa haraka kwamba mwenye mizani aambiwe asubiri, na mtu yeyote asizisugue rimu hizo. Maelezo yaliyobaki yanahitaji nafasi, na kwa kuwa stoo za mafundi wazee ni nyingi mijini mwetu, tumeona tuyatoe hapa.

Picha alizotuma zilionyesha rimu yenye mikono mitano mipana, iliyokaa kama majani ya ua. Hiyo ndiyo sura ya rimu za Fuchs za gari la Porsche 911. Zilianza mwaka 1966, Porsche ilipotengeneza 911 S na kuagiza rimu nyepesi kutoka kiwanda cha Otto Fuchs, mjini Meinerzhagen, Ujerumani ya Magharibi ya wakati ule. Rimu za aluminiamu aghalabu husubiwa, yaani madini huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Hizi zilifuliwa. Pande la aluminiamu lilipashwa moto, likashindiliwa kwa mashine yenye nguvu kubwa mpaka likapata umbo. Madini yaliyofuliwa hushikamana zaidi ndani yake, kwa hiyo rimu huweza kuwa nyembamba na nyepesi bila kuvunjika upesi.

Lakini sura si ushahidi. Rimu hizi zimeigwa mno, na nyingi za kuigiza ni za kusubu. Sumaku haitakusaidia, maana haishiki aluminiamu, iwe imefuliwa au imesubiwa. Kiwanda chenyewe nacho kimepata kutengeneza upya rimu za mtindo ule wa zamani. Hizo ni halali kabisa, ila haifai mtu kukuuzia kama za mwaka 1970.

Ushahidi uko nyuma, mahali ambapo tope na vumbi la breki hujikusanya. Tulimwomba mama aoshe sehemu hiyo kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini, bila msasa wala tindikali. Kisha aweke karatasi nyembamba juu ya maandishi yaliyogongwa na kupitisha penseli ubavu, kama watoto wafanyavyo na sarafu. Kinachotafutwa ni jina au alama ya Fuchs, kipimo, nambari ya kipuri, ambayo kwa rimu za awali huanza na 901 na kwa zilizofuata 911, na tarehe ya kutengenezwa, mwezi na mwaka.

Karatasi zilipofika tulizitandaza mezani. Zote nne zilisomeka 6J x 15, maana yake upana wa inchi 6 na kipenyo cha inchi 15. Tatu zilikuwa na tarehe za mwaka 1970. Ya nne ilikuwa ya 1973.

Hapo tukaelewa jambo ambalo mama alilitaja katika barua yake kwa kupitia tu, kwamba wajukuu walichagua kigoda kile kwa kuwa “hakina shimo kama vingine”. Rimu za inchi 6 zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1968 hadi 1971 zina uso uliodidimia ndani. Za kuanzia mwaka 1972 uso wake ni bapa zaidi. Wakusanyaji wa magari ya kale huzitafuta sana zile za shimo, kwani zilitengenezwa kwa miaka michache. Wajukuu walikuwa wameipambanua rimu ya 1973 kabla yetu sisi na karatasi zetu!

Kuhusu kipimo, tahadhari. Upana wa rimu hupimwa ndani, baina ya kuta mbili zinapokaa kingo za tairi. Ukipima ukingo wa nje hadi wa nje utapata karibu inchi moja zaidi, nawe utaitangaza rimu ya 6 kuwa ni ya 7. Carrera RS ya mwaka 1973 ilikuwa na 6 mbele na 7 nyuma, na hiyo ya 7 ina bei yake. Wapo pia waliokata rimu nyembamba na kuzichomelea ziwe pana. Kipimo cha rula kikipingana na kilichogongwa nyuma, tafuta alama ya kuchomelea.

Rimu moja kati ya zile tatu, kwa bahati mbaya, mtoto wa mama aliisugua kwa msasa ing’are. Inang’aa kweli. Ila ameuondoa utando mgumu wa kinga uliotiwa kiwandani kwa umeme, na ule hauwezi kurudi kama ulivyokuwa. Muuzaji analazimika kulisema hilo.

Tena rimu si pambo la ukutani; atakayeinunua huenda akaendesha nayo kwa kasi. Tumemshauri mama azipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kusawazisha magurudumu, aone kama zimepinda, na zipakwe ile dawa ya rangi inayopenya na kuonyesha nyufa. Yenye ufa iandikwe kuwa ina ufa.

Sasa mnunuzi mmoja amejitokeza, na hapa ndipo penye mtihani. Marehemu alikuwa akisimulia kwamba rimu zote nne zilitoka kwenye gari la mashindano ya Safari ya mwaka 1971. Ni kweli Porsche ilileta 911 S katika Safari ya mwaka huo, na Sobiesław Zasada wa Poland akamaliza wa tano. Mwaka uliofuata alikuwa wa pili. Mnunuzi anaahidi kuongeza bei endapo mama atatia saini karatasi inayothibitisha simulizi hilo.

Mama, usitie saini. Rimu iliyofuliwa mwaka 1973 haikukimbia mwaka 1971. Zile tatu tarehe zake hazipingi, lakini kutopinga si kuthibitisha, na hakuna picha wala hati ya karakana. Andika unachokijua: nambari hizi, tarehe hizi, vipimo hivi, moja imesuguliwa, na kwamba mumeo alisimulia hivyo. Piga picha za mbele na za nyuma, rula ikionekana. Uza tatu kwa bei yake na ya nne kwa bei yake, fedha zikiingia mkononi kabla rimu hazijatoka mlangoni. Wajukuu watafutiwe kigoda kingine.