Lenzi Nzito si Kidani cha Shingoni

Muhula uliopita niliandamana na wanafunzi wangu wachache hadi Longisa, kando ya barabara itokayo Narok kwenda Bomet, kunakili msamiati ambao watazamaji hutumia katika mashindano ya riadha ya shule. Mmoja wao alijitolea kupiga picha. Alikuwa ameazima kamera yenye lenzi ndefu ya kuvuta mbali, ya milimita 150 hadi 600, ambayo peke yake ina uzito wa kilo 2 hivi. Pamoja na kamera, mzigo ulikaribia kilo 3. Kijana aliutundika shingoni kwa mkanda mwembamba wa kamera, akatembea kifua mbele kama aliyevishwa nishani.

Mbio za mita 5,000 zilipofika mzunguko wa mwisho, alitaka kuwahi kwenye utepe. Akainama ili apite chini ya kamba iliyozungushiwa uwanja. Alipoinama, lenzi iliachana na kifua chake, ikabembea na kumpiga msichana mdogo aliyekuwa ameketi nyasini. Jeraha lilikuwa juu ya nyusi. Lau lingeshuka kidogo, mtoto yule angepoteza jicho. Alitibiwa akapona, namshukuru Mungu. Lakini mama yake aliniuliza jambo ambalo sijalisahau: "Mwalimu, kwani huyu kijana hakufundishwa kubeba mzigo wake?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemfundisha kunakili maneno, kuandika maelezo ya picha na kuomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Kubeba sikumfundisha, kwa kuwa nilidhani kila mtu anajua kubeba.

Nionavyo mimi, hilo ndilo kosa letu sisi tunaofundisha. Ajabu ni kwamba Kiswahili chenyewe hakidhani hivyo. Mtungi tunajitwika kichwani. Mtoto tunamweleka kwa mbeleko, na tukiketi tunampakata. Kila kitenzi hapa kinaeleza ni kiungo gani cha mwili kinachopokea uzito. Kutundika ni jambo jingine: ni kukiacha kitu kining'inie, kama taa au koti ukutani. Sijapata kumwona mama aliyemtundika mwanawe shingoni akaenda naye sokoni. Hata mchuma chai wa Kericho hufunga kikapu mgongoni, kikaukaribia mwili, na mikono yake ikabaki huru kufanya kazi.

Lenzi nzito nayo hufuata sheria hiyo hiyo. Lenzi nyingi za aina hii zina pete yenye mguu mdogo chini yake, iliyotengenezwa kwa ajili ya kufungiwa kwenye stendi ya miguu mitatu. Mguu huo ndio mahali pa kufungia mkanda, kwa sababu uko karibu na kitovu cha uzito. Anayefunga mkanda kwenye kamera peke yake huiacha lenzi, ambayo mara nyingi ni nzito kuliko kamera, ikivuta kile kiungo kinachoziunganisha. Hapo hatari ni mbili: kiungo kulegea au kuvunjika, na mzigo wote kubembea mbele mtu anapoinama.

Mkanda wenyewe uwe mpana, uvuke kifua kutoka bega moja hadi nyonga ya upande wa pili. Ukining'inizwa kwenye bega moja tu, utateleza siku moja. Ukiwekwa shingoni, mifupa ya shingo ndiyo italipa, na kilo 3 za shingoni ni sawa na pakiti moja na nusu za unga wa ugali. Upitapo penye watu, mkono mmoja uishike lenzi na kuibana ubavuni. Ukitaka kuinama, ishike kwanza, kisha kunja magoti badala ya kiuno.

Aidha, mikanda mingi hushikwa na parafujo moja tu ya upana wa robo inchi. Parafujo hulegea kwa mitikisiko ya mwendo, kwa hiyo ikazwe asubuhi na ikaguliwe tena kila baada ya muda. Pawepo pia kamba fupi ya akiba inayounganisha kamera na mkanda, ili parafujo ikifunguka mzigo usifike chini. Na yeyote apandaye bodaboda asiache lenzi ining'inie kando ya gurudumu. Aitie katika mfuko wenye sponji, na mfuko avae mgongoni kwa mikanda miwili.

Najua wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wapiga picha wakubwa. Kwa hakika wakubwa wamebeba mazito zaidi. Lenzi kubwa za milimita 400 zilizotumiwa viwanjani katika miaka ya tisini zilifikia takriban kilo 6, na za siku hizi, ingawa zimepungua hadi karibu kilo 3, bado ni mzigo. Ndiyo maana wao huziegemeza juu ya fimbo ya mguu mmoja. Lakini mkubwa ana uzoefu na bima. Mwanafunzi ana kifaa cha kuazima, na wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: sisi tunaomtuma ndio tunaouona mwepesi.

Tangu Wilson Kiprugut wa Kericho alipoiletea Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 kule Tokyo mwaka 1964, nyanda hizi hazijapungukiwa na wakimbiaji wanaostahili kupigwa picha. Vijana wetu wazipige. Ila chama chochote cha uandishi au picha shuleni kisimkabidhi mwanafunzi lenzi nzito kabla hajaonekana akitembea, akikimbia na kuinama nayo mbele ya mwalimu, juu ya godoro au nyasi laini, pasipo mtu karibu. Maagizo yaandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka na kubandikwa kwenye mlango wa kabati la vifaa. Kazi hiyo haihitaji fedha, na walimu wa lugha ndio wa kwanza kuiweza.

Kwa upande wangu nimeanza. Safari hii, kabla ya daftari kufunguliwa, kila mwanafunzi atanionyesha kwanza namna anavyobeba alichokibeba. Yule mama wa Longisa alistahili jibu, na sitaki mzazi mwingine aje kuniuliza swali lile.