Mama wa Dallas Anajua Ale Nini

Jumapili iliyopita, katika kanisa moja hapa Dallas, mjini Embu, mhubiri alisema, na waume wakaitikia amina kwa sauti, ya kwamba adui mkubwa wa mwanamke mja mzito ni ujinga wake mwenyewe, maana hajui ale nini. Dhana hii nimeisikia hata imenichosha, nami naikanusha waziwazi. Mama wa Dallas anajua. Muulize yeyote atokaye kliniki na kijitabu chake kwapani: atakutajia maini, mayai, maharagwe na terere, na kukueleza kwamba vidonge vya kuongeza damu havimezwi kwa chai. Jirani yangu, mwenye mimba ya miezi saba, afuliaye watu nguo tangu alfajiri, alinihesabia hayo yote huku akimenya mayai mawili. Kisha akayakata nusu nusu, akawapa wanawe watatu, na nusu iliyobaki akamwekea mumewe. Yeye alikula ugali kwa mchuzi wa kabichi. Ni somo gani hapo alilolikosa?

Tangu mwaka 2012 sheria imewalazimu wenye viwanda kutia madini ya chuma na asidi ya foliki katika unga wa pakiti; lakini unga wa maskini aghalabu hutoka kinu cha mtaani, kwa mahindi yaliyopimwa kwa gorogoro, na hata mama akiihifadhi sheria hiyo kama sala, unga wake hauongezewi chuma hata chembe.

Wapo wasemao kwamba terere huota bure. Na waende basi wakaichume wao kando ya mitaro ya maji machafu, wawapikie wake zao. Tena wajue kwamba chuma cha mboga huingia mwilini kwa taabu zaidi kuliko cha nyama, na nyama ndiyo isiyofika sahani ya mama.

Fedha za kununulia muguka, majani ya kutafuna, hata hivyo, hazikosekani kila alasiri. Mombasa ilipoipiga marufuku mwezi wa Mei 2024, wakubwa wetu wa Embu walipaza sauti nchi nzima ikasikia, na Mahakama Kuu ikaisimamisha amri ile. Kwa ajili ya yai la mja mzito sijawasikia.

Fedha za semina za lishe, pamoja na mahema na posho za wageni wa heshima, zinunue mayai na ndengu za Mbeere, zigawiwe kliniki siku ya vidonge. Na yai hilo mama alile palepale, kabla hajarudi nyumbani.